Timu ya makasia ya wasichana chuoni Mombasa: hatua za kuikuza mwaka hadi mwaka

Kwanza tutenganishe kafi na kasia. Mpiga kafi hushika mti wake kwa mikono miwili, akaangalia kule anakokwenda. Mpiga kasia hulipitisha kasia kwenye kileti, yaani kishikio cha kasia ubavuni mwa chombo, huipa mgongo omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, na nguvu zake nyingi hutoka miguuni, si mikononi. Mwongozo huu ni wa kasia, na umeandikwa kwa mwalimu wa michezo, mlezi wa wanafunzi au wasichana wenyewe walioamua kuanzisha timu katika chuo kilichoko Mombasa, ambako maji yako hatua chache kutoka darasani lakini watu hawajazoea kumwona binti akiyaingia alfajiri.

Vyuo vingi hukosea pale vinapohesabu ukuaji kwa boti na vikombe. Boti hununuliwa, hupigwa picha, na baada ya miaka miwili inalala chini ya mwembe imejaa majani. Hesabuni watu: wasichana wangapi waliovuta makasia mwaka jana wamerudi mwaka huu, na wangapi kati yao wanaweza kumfundisha mgeni, yaani anayeanza. Hatua zote zinazofuata zimepangwa kwa kipimo hicho.

Bafu kabla ya boti

Mnamo Machi 3, 1976, wasichana 19 wa timu ya makasia ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, wakiongozwa na nahodha wao Chris Ernst, waliingia katika ofisi ya msimamizi wa michezo ya wanawake kudai bafu. Baada ya mazoezi ya baridi kali walikuwa wakikaa ndani ya basi, nguo zimelowa, wakiwangoja wavulana waliokuwa wakioga maji ya moto. Sheria ya Marekani ya kuzuia ubaguzi wa kijinsia katika elimu ilikuwa imepitishwa mwaka 1972, tena mwaka huohuo wa 1976 wanawake walishindana makasia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, kule Montreal. Boti walikuwa nazo, sheria walikuwa nayo, lakini mahali pa kubadilisha nguo hapakuwapo.

Mombasa shida hii huwa kubwa zaidi, maana binti aliyelowa hawezi kupanda matatu hivyo, na mzazi akimwona amerudi katika hali hiyo mara moja tu, basi. Kwa hiyo kabla ya kutafuta chombo, hakikisheni mna chumba chenye mlango unaofungwa kwa ndani, choo, maji baridi yasiyo na chumvi ya kuoga (tangi la lita 500 linatosha wasichana 20 wakioga kwa ndoo), kamba ya kuanikia, na sanduku la sodo. Kisha mzungumze na wazazi ana kwa ana, mkiwa na mwalimu wa kike. Maswali yatakuwa manne: nani yuko nao majini, wanavaa nini, wanarudije nyumbani, na kama wavulana watakuwepo. Mwe na majibu kamili ya yote manne.

Kuhusu mavazi: suruali ya kubana ya mazoezi na fulana ya mikono mirefu inayobana kiasi hufaa kuliko nguo pana. Stara isivunjwe, ila pindo la nguo linaloning'inia huingia chini ya magurudumu ya kiti cha kuteleza, kile kinachokwenda mbele na nyuma kwa kila mvuto, na kukikwamisha katikati ya mvuto. Anayetaka kujisitiri zaidi avae sketi fupi ya mazoezi juu ya suruali, ikomee juu ya magoti. Hijabu iwe ya michezo, ya kuvaa kichwani moja kwa moja, bila pini. Baibui likae chumbani.

Kuogelea: hapa hakuna mjadala

Kuzaliwa karibu na bahari si kujua kuogelea. Wasichana wengi wa mjini hawajui. Msimruhusu yeyote kupanda chombo kabla ya kupita jaribio hili: aogelee mita 50 akiwa na nguo za mazoezi, aelee palepale dakika 2 bila kushika kitu, kisha avae jaketi la kujiokolea akiwa ndani ya maji. Anayeanza bila kujua lolote huhitaji kama wiki 8, mara mbili kwa wiki, saa moja kila mara. Tafuteni bwawa litakalowapa saa za wanawake peke yao, na mwalimu wa kike. Msipompata, mlipieni mmoja wenu akasomee uokoaji. Hiyo ni fedha iliyotumika vizuri kuliko kasia jipya.

Jambo linalowashinda wengi si mita 50, ni kule kuelea palepale dakika 2. Hofu humfanya msichana apige maji kwa mikono na kuinua kidevu, miguu ikazama. Mfundisheni kwanza kulala chali na kupumua. Akishatulia, mengine hufuata.

Kuyajua maji ya Mombasa

Kilindini hapafai. Pana meli, pana vivuko vya Likoni, na mkondo wa bandari haumsubiri mtu. Sehemu ya kujifunzia ni Hori ya Tudor (mkono wa bahari unaoingia bara), upande wa ndani wa Daraja la Nyali, au Hori ya Mtwapa kwa walio upande wa kaskazini. Kabla ya siku ya kwanza, nendeni mkaongee na wavuvi wa kamati ya usimamizi wa ufuo, yaani BMU, wa hapo mtakapoteremkia. Wao ndio wanaojua mwamba uko wapi na nyavu hutegwa wapi, na siku ya shida wao ndio watakaofika kwanza. Chombo chenyewe kipelekwe kwa KMA, mamlaka ya usafiri wa majini ya Kenya, kikaguliwe na kusajiliwa.

Sasa maji. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua: maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Wiki moja baadaye huja maji mafu, na saa hugeuka: hujaa karibu saa nne, hupwa karibu saa kumi, tena tofauti ni ndogo. Kila siku saa husogea mbele kama dakika 50. Mwenye kufuata tarehe za Kiislamu ana jedwali kichwani tayari: mwezi 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni bamvua, mwezi 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni maji mafu. Hata hivyo thibitisheni kwa jedwali la bandari, kwa sababu dakika 40 za kukosea huwaacha kwenye tope.

Maana yake kwa timu inayofanya mazoezi saa kumi na mbili asubuhi ni hii. Siku za bamvua, saa hiyo maji yana saa mbili tangu yaanze kupwa na yanakaribia kasi yake kubwa kabisa, yakielekea baharini. Msichana aliyechoka akisukumwa na mkondo huo kuelekea darajani hana nguvu za kurudi. Siku za maji mafu, saa hiyohiyo maji yanaanza kujaa taratibu. Kwa hiyo wageni wote waanze wiki ya maji mafu, na mazoezi mazito ya bamvua yawe ya wenyeji tu, yaani wasichana waliokwisha kuzoea.

Kanuni ya kwenda ni moja: anzeni kwa kupambana na mkondo, mrudi nao. Maji yakipwa, anzeni kuelekea ndani ya hori; yakijaa, anzeni kuelekea darajani lakini msilipite. Tahadhari: mkielekea ndani wakati maji yanapwa, geukeni mapema, maana penye mikoko tope hujitokeza ghafla, na chombo kikikwama hapo mtasubiri maji ya mchana. Kushuka kukisukuma ni kukatwa miguu na chaza.

Upepo wa Kusi huwa mkali kati ya Juni na Agosti, Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, na kati yake ni maleleji, maji yametulia. Timu ianze Septemba, Kusi inapolegea. Vyovyote vile, mazoezi yakiwa ya asubuhi mwe nchi kavu kabla ya saa mbili na nusu. Baada ya hapo upepo huamka na mawimbi mafupi huwavunja moyo wageni. Mvua kubwa ikinyesha, pumzikeni siku mbili kamili, kwa sababu maji machafu ya mitaani hushuka horini na lengelenge lililopasuka kiganjani ni mlango wa maradhi.

Chombo cha kwanza

Msinunue boti nyembamba za mashindano ya mtoni. Boti ya watu wanane ya aina hiyo ina urefu wa zaidi ya mita 17 na uzito wa chini unaoruhusiwa ni kilo 96. Ni nyepesi na dhaifu, wimbi la boti la injini huijaza. Chombo cha kufaa ni boti ya baharini ya wanne na mshika usukani, yenye urefu usiozidi mita 10.7, sehemu ya nyuma ikiwa wazi ili maji yaliyoingia yatoke yenyewe. Ni nzito, lakini haipinduki ovyo na huvumilia kuburutwa mchangani. Wakati mnaitafuta, muombeni fundi wa mashua awatengenezee chombo cha mbao cha vileti vinne na viti vya kudumu. Kiti kisichoteleza hakiharibu mvutaji. Kinamfunza mgongo, usawa na kwenda pamoja.

Makasia madogo ya kuvuta mawili mawili yawe ya mita 2.75 hadi 2.85, na sehemu ya ndani, kutoka kwenye kileti hadi mpini, iwe sentimita 86 hadi 88. Sehemu ya ndani ikiwa fupi mno, kasia huwa zito na mgongo wa chini huuma. Ikiwa ndefu mno, mikono hugongana. Mkiona wasichana wote wanalalamika mgongo, pimeni makasia kabla ya kulaumu mazoezi.

Chumvi ndiyo adui. Kila mara mkitoka, osheni kwa maji baridi, kwanza reli za viti, magurudumu, vileti na kila nati. Chuma kisichoshika kutu kikigusana na alumini penye chumvi, alumini huliwa na nati hushikana isifunguke tena. Pakeni grisi kwenye kila uzi wa skrubu kila mwezi. Laza chombo kifudifudi juu ya magogo yaliyofungwa vipande vya tairi, chini ya banda la makuti. Jua la Mombasa huupasua utando wa juu wa faiba kama chombo kimeachwa wazi.

Wiki 12 za kwanza

Chukueni wasichana 20. Tarajieni kubaki na 12 hadi 14, na msione haya. Wawekeni katika makundi manne ya watu watano, kila mmoja ashike usukani kwa zamu, maana anayejua kuongoza chombo huelewa haraka kwa nini kutovuta kwa pamoja kunakiyumbisha.

Wiki 4 za mwanzo ni za nchi kavu. Mashine ya mazoezi ya makasia ikiwepo, wekeni mkono wa upepo, ule wa kurekebisha ugumu wa mvuto, kati ya 3 na 5, si 10. Wageni hupenda 10 wakidhani ni nguvu, kumbe wanajiumiza mbavu na mgongo. Mfuatano ni miguu, kiwiliwili, mikono. Kurudi ni mikono, kiwiliwili, miguu. Mvuto uchukue sehemu moja ya muda, kurudi sehemu mbili, mivuto 18 hadi 20 kwa dakika. Kosa la kawaida kabisa ni kukunja magoti kabla mikono haijavuka, halafu mpini unaruka juu ya magoti. Dawa yake ni kusimama kidogo mikono ikiwa imenyooka, kisha kuendelea.

Wiki ya 5 hadi ya 8 wawili wavute, wawili walaze makasia bapa juu ya maji kushikilia usawa. Wiki ya 9 wote wanne. Amri ziwe chache, za Kiswahili, zisizofanana kwa sauti: "Tayari", "Vuta", "Acha", "Zuia" kwa kusimamisha chombo, na "Rudisha" kwa kwenda kinyume. Mshika usukani asiseme maneno mengine mwezi wa kwanza.

Kasia likinaswa na maji, mpini utamrudia mvutaji tumboni kwa nguvu. Hutokea kwa sababu bapa la kasia limeingia likiwa limeinama, au mvutaji amebana mpini mno. Asishindane nalo: alale nyuma, mpini upite juu ya kichwa, mshika usukani aseme "Acha". Chombo kikipinduka, kanuni ni kubaki nacho, hata ufuo uonekane karibu. Zoezi la kupinduka lifanywe kwa makusudi wiki ya 6, maji yamejaa na yametulia, boti la kusindikiza likiwa mita chache.

Boti hilo la kusindikiza ni lazima. Injini ya nguvu za farasi 15 inatosha. Liwe na kamba ya kurushia ya mita 15 hadi 20, jaketi za ziada, simu ndani ya mfuko usioingia maji, filimbi, na uzi wa kuzima injini umefungwa kwa dereva. Boti moja lisisindikize zaidi ya vyombo viwili vya wageni.

Chakula kisipuuzwe. Msichana anayevuta kabla ya darasa bila kula huchoka wiki ya tatu na kuacha wiki ya sita. Ndizi au uji kabla, na baada ya nusu saa mahamri na mbaazi, ambayo ni wanga na protini sahani moja. Maji yawe kama lita moja kwa kila saa ya mazoezi. Binti ambaye hedhi yake imekatika miezi mitatu huenda hali chakula cha kutosha au anajichosha. Mwalimu wa kike amweleze, aende kwa daktari. Ramadhani mazoezi ya majini yasimame kwa wafungao. Wafanye mashine nyepesi dakika 30 baada ya futari au tarawehe, na baada ya Idi waanze upya polepole.

Mwaka wa pili ndio mtihani

Mwisho wa mwaka wa kwanza andaeni mashindano ya ndani, mita 500, mchana wa maji yaliyojaa, mwaalike wazazi. Hiyo ndiyo siku mnayowapata wazazi upande wenu.

Septemba ikija, wenyeji wakirudi 8 mna timu. Wakirudi 3, msinunue chochote, waulizeni walioacha. Mara nyingi sababu ni usafiri wa saa kumi na moja alfajiri gizani, au ratiba ya maabara, na zote mbili hurekebishika: wapangeni wawili wawili kwa mtaa, na mwe na kikao kimoja cha jioni. Kila mwenyeji apewe wageni wawili wa kuwafundisha. Akifundisha, makosa yake mwenyewe humtoka.

Mwaka wa tatu kipimo ni chombo cha pili. Ubingwa wa vyuo vya Marekani kwa wanawake, ulioanza 1997 chini ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya huko, katika daraja lake la juu hutoa pointi kwa boti tatu za kila timu: wanane wa kwanza, wanane wa pili, na wanne. Pamoja na washika usukani ni watu 23. Chuo chenye nyota wanane na nyuma yao hakuna mtu hakipati kikombe. Ufuateni utaratibu huo hata mkiwa na vyombo viwili tu: jumlisheni muda wa vyote viwili kila jaribio, na ubao wa matokeo uonyeshe jumla hiyo.

Hapo ndipo muanze mbio za ufukweni, ambazo zitaingia Olimpiki ya Los Angeles 2028 kwa chombo cha mmoja wanawake, cha mmoja wanaume, na cha wawili mchanganyiko. Mshindani hukimbia mchangani, hurukia chombo kinachoshikiliwa na wenzake, huvuta mita 250 akipinda kati ya maboya, hugeuka, hurudi na kukimbia tena. Ufuo wa Nyali au Bamburi unafaa, mwamba wa nje ukivunja mawimbi, lakini si bamvua imepwa. Chombo cha mmoja ni kilo 35 na urefu usiozidi mita 6, kwa hiyo wasichana wawili wanakibeba. Muda mwingi hupotea kwenye kugeuka na kuruka, si kwenye kuvuta; theluthi ya mazoezi iwe hapo.

Na gati lenu liwe na mteremko laini usio na ngazi. Asiya Mohamed Sururu wa Mombasa, ambaye hana miguu yote miwili, aliivutia Kenya makasia kwenye Paralimpiki ya Tokyo. Daraja lake la mashindano hutumia mikono na mabega tu, kiti kikiwa kimefungwa na mvutaji amekazwa kwa mikanda kifuani. Msichana kama yeye anaweza kuwa tayari chuoni mwenu, na ngazi tatu zikamzuia.

Kila Julai nahodha anayeondoka amkabidhi anayeingia daftari moja lenye majina na jaribio la kuogelea la kila mmoja, simu za wazazi, saa za maji kwa kila zoezi lililofanyika, na kila kilichovunjika kilipovunjika. Pamoja nalo akabidhi sanduku la vipuri: magurudumu 8 ya viti, vileti 4, nati za akiba, grisi, utepe wa kuziba, spana za namba 10 na 13, na funguo mbili za banda, moja ibaki kwa mwalimu wa kike.